Kigari cha Tanga

Mimi ni dereva, na dereva hapendi kitu kinachochezacheza. Mlango ukilia nakaza, mzigo ukitikisika nafunga. Ndiyo maana nilipokiona kile kigari cha chuma kwenye mashua ya bosi, kikiteleza huku na huku juu ya reli yake na kuivuta kamba kubwa ya tanga, nilikifunga katikati kwa fundo la kufungia friji kwenye pikapu. Nikajiona fundi.

Mimi na familia ya bosi tulikuwa tumetoka Riyadh kuja Jeddah kwa likizo ya shule, na bosi alikuwa amenunua mashua ndogo. Alitaka mtu wa kubaki nayo familia ikirudi. Nikiiweza, ningebaki mimi. Nisipoiweza, ningewaendesha kurudi Riyadh na kazi apewe mwingine. Niliitaka kazi hiyo kwa kufa na kupona. Mke wangu ni mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, analala huko huko kwa madam wake. Tangu tuje nchi hii tulikuwa mume na mke wa simu.

Tukiwa majini, bosi ameshika usukani, upepo ukavuma kwa ghafla. Akaniambia niachie kigari. Kingeachiwaje na fundo lile? Mashua ililala ubavu, birika la kahawa likaenda baharini, na mimi kwa hofu nikalegeza kamba kubwa. Tanga likaanza kupigapiga kama limepandwa na pepo. Bosi hakufoka. Alilitazama fundo, akanitazama mimi. Tulipofika nchi kavu akanieleza kwamba kamba hulikaza tanga libaki na umbo lake, na kigari hulipeleka upande. Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Kama kulegeza kamba na kuachia kigari vyote vinapunguza nguvu ya upepo, vya nini viwili?

Ijumaa nilikutana na mke wangu kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Sharafiya, hapo hapo Jeddah, nikamweleza yote, sahani ikiwa mashua na kitambaa cha meza kikiwa tanga. Nilitaka anihurumie. Yeye aliendelea kutafuna, kisha akaniuliza yeye hufanyaje na mashuka anayoanika juu ya paa la madam upepo ukizidi.

"Unalegeza vibanio," nikasema.

"Nikilegeza, Baba Watoto, shuka litapigapiga mpaka lichanike. Naliacha limekazwa vile vile, nasukuma fremu ya kuanikia, si ina magurudumu? Shuka linaupa upepo ubavu, upepo unapita. Ukitulia, nairudisha."

Niliacha kula. Hasira yote ikaniisha, nikamwomba arudie tena.

Kesho yake nililikata fundo. Tukiwa majini upepo ulipokuja, sikuigusa kamba kubwa. Niliachia kikamba chembamba cha kigari, kikateleza kuelekea upande upepo unakokwenda, tanga likakifuata likiwa limekazwa, na mashua ikainuka taratibu, mwendo wake ule ule. Upepo ulipopungua nikakivuta kurudi. Tulipokuwa tunafunga mashua gatini, bosi akanigeukia.

"Halas," akasema, yaani basi, imekwisha. "Wewe baki."

Nilimpigia mke wangu pale pale. Nilikuwa nimepanga kumsimulia jinsi tanga lilivyotii, lakini nilichoweza kusema ni kwamba kina bosi wanarudi Riyadh bila mimi. Akacheka na kulia kwa pamoja. Madam wake akamwita, mke wangu akakata simu, na kwa mara ya kwanza hatukuagana, maana sasa tulikuwa wa mji mmoja.