Upepo wa Tairi la Nyuma

Tairi lenyewe lipo dukani kwangu Makambako hadi leo. Ukipita, karibu, liguse. Ila valvu yake, pale pa kujazia upepo, usiisogelee hata kwa kidole. Nisikilize kwanza, halafu ndipo uamue kama mimi ni mwongo.

Wengi hudhani mambo haya huja usiku. Haya yalinikuta jua likiwa bado kali, na tumboni sina kitu zaidi ya chai na viazi.

Kazi yangu ni kuuza matairi na kuziba pancha. Shemeji yangu Edson, kaka wa mke wangu, ana pikapu na kibali cha kuwinda nguruwe pori, wale wanaomaliza mahindi ya watu kule bondeni, upande wa Wanging'ombe. Alikuja dukani akitaka matairi yenye meno makubwa yaliyoachana. Nikamweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Meno ya namna ile ni ya tope, kwa sababu yanajisafisha yenyewe yakizunguka. Kwenye miiba, ule uwazi kati ya jino na jino ndio mlango. Chukua yenye meno yaliyokaribiana. Kisha bonyeza ubavu kwa dole gumba. Ukibonyea kirahisi, acha. Mwiba huingia kwa chini, lakini kisiki kilichokatwa panga kinapasua pembeni, na ubavu uliopasuka hauna kiraka. Tafuta ubavu mnene, wenye tabaka nyingi za nyuzi.

Edson akacheka. "Shemeji, unauza matairi au unaendesha semina? Mimi nimezaliwa Njombe. Adui wa gari langu ni tope."

Basi akafunga ya tope. Akasema kwa kuwa ninaogopa miiba sana, nipande naye gari twende kuwinda, nikaione. Wa tatu alikuwa rafiki yetu Mligo wa Mahongole, mtu mpole, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisani. Akishikilia noti ya mwisho, kwaya nzima inavuta pumzi yeye bado yumo.

Tulipoiacha lami na kuanza kushuka, Edson akasimamisha gari akapunguza upepo matairi yote manne. Hilo ni kosa la mtu wa kwetu tu. Huku juu tunafanya hivyo kabla ya kuingia kwenye tope, tairi litanuke lishike ardhi. Nikamwambia, shemeji, huku chini adui ni mwiba, na tairi lililolegea unampa tumbo. Akasema ndivyo baba yake alivyomfundisha.

Mchana nguruwe dume aliyepigwa risasi akageuka, akampasua Mligo paja. Tulimfunga kwa shati la Edson, likalowa, tukaongeza langu. Simu hazikuwa na mtandao. Tukamlaza nyuma ya pikapu, tukaondoka kumkimbiza hospitali.

Hatukufika mbali. Tairi la mbele likapasuka ubavu, tukaweka spea. Kisha la nyuma, upande wa kulia, likakaa chini. Nikalifungua, nikachomoa mwiba wa mgunga mrefu kama kidole, nikabandika kiraka kwenye mpira wa ndani, nikalirudisha. Kazi nzuri, sijisifu. Nikachukua pampu ya mkono. Mpira wake wa kupitisha upepo ulikuwa umekandamizwa na jeki njia nzima, ukanikatikia mkononi. Unaona tulipofika? Tairi limezibwa, limefungwa, na upepo hakuna. Mligo akaacha kulalamika. Niamini, ule ukimya uliniogopesha kuliko kilio.

Hapo ndipo akatokea mtu, katikati ya kichaka cha miiba. Hakupita pembeni, alipita katikati. Alivaa koti zito la baridi, koti la watu wa juu, kwenye joto lile, na halikuwa na mchaniko hata mmoja. Miguuni alivaa katambuga za tairi. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kuwa myeupe, kama ya mtu ambaye hajaonja maji siku nyingi.

Edson akamvamia bila salamu, akamuuliza kama ana pampu. Yule mtu akamtazama, akageuka kuondoka. Nikakumbuka tulivyolelewa: huombi kitu kwa mtu hujamjulia hali. Nikavua kofia.

"Kamwene, baba."

Akasimama. Akaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, na mimi nikajibu moja moja huku damu inadondoka kwenye mchanga. Kisha akatazama matairi yetu.

"Mnatoka juu," alisema. "Mmekuja na viatu vya huko."

Nikasema ndiyo, na sasa tuna mgonjwa na hatuna upepo.

"Upepo upo," akasema. "Ila ni wa kuazima. Niutoe?"

Edson hakunisubiri. "Utoe, mzee. Utoe haraka."

Yule mtu akapanda nyuma ya pikapu. Akainamia uso wa Mligo, karibu sana, kama anayesikiliza kama bado anapumua. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akashuka na mashavu yamejaa, akapiga magoti, akaweka midomo yake juu ya valvu, akapuliza.

Umewahi kujaribu kujaza tairi la gari kwa mdomo? Haiwezekani. Hata nyasi iliyo chini yake hutaiinua. Lakini pikapu ikapanda mbele ya macho yetu, polepole, mpaka ikasimama sawa. Nikafunga kofia ya valvu. Nilipoinua uso ili nishukuru, palikuwa na nyayo za katambuga tu, zikiishia kwenye miiba. Zilikuwa na meno makubwa yaliyoachana, kama ya matairi yetu.

Tulipanda hadi Makambako bila kusimama. Hospitali wakamshona Mligo, wakamwongezea damu, akapona. Mungu ni mwema. Lakini mguu ulipopona, kifua hakikurudi. Anapanda kilima cha shambani kwake akipumzika mara kwa mara, na besi ile haipo tena. Anaimba mstari nusu, anakaa.

Tairi nililitoa nilikague. Lilikuwa na miiba kama mgongo wa nungunungu. Nikachomoa mmoja, mwingine, wote. Halikutoa upepo hata kidogo. Nikaweka kiganja ubavuni, nikakiondoa upesi. Ulikuwa unapanda na kushuka.

Edson hakuamini. Siku moja, ili kunionyesha kwamba ni mpira kama mpira mwingine, akafungua kofia na kuibonyeza valvu kwa msumari. Hapakutoka ule mlio tunaoujua. Ilitoka sauti nzito, ya chini, ya mtu anayeshikilia noti. Nilimsukuma akaanguka. Kabla hajainuka, simu yangu ikaita: mke wa Mligo, kutoka Mahongole, analia kwamba mumewe ameanguka uani anatafuta hewa.

Tangu siku hiyo Edson habishani na mtu kuhusu matairi. Anauliza kwanza gari linakwenda wapi, na hapunguzi upepo penye miiba. Nawe fanya hivyo: chagua tairi la njia unayokwenda, si la njia uliyozaliwa. Na ukikwama, akatokea mtu wa kukusaidia, msalimie vizuri. Kisha, hata kama damu inamwagika, muulize anachokupa anakitoa kwa nani.

Mligo huja dukani jioni akitoka sokoni. Anavuta kigoda, anakaa karibu na tairi, anaweka kiganja chake ubavuni na kufumba macho. Mimi nahesabu pumzi kimoyomoyo, zake na za lile tairi. Mpaka sasa bado wanakwenda pamoja.