Karatasi ya Mzee Lesiamon

Mimi Masila nimefundisha Kiingereza hapa Kitengela mpaka nikaota mvi, na ningependa kusema nimefundisha kwa mikono safi. Sivyo.

Mwaka wa 1998 Mzee Lesiamon aliniletea karatasi ya kuuza shamba, ya Kiingereza, nimsomee, maana hakujua kusoma. Alitaka kuuza ekari mbili za kando ya barabara. Karatasi ilisema zote kumi na nane. Niliona. Lakini mnunuzi alikuwa ameshaniahidi ploti, nami nilikuwa nimechoka na nyumba za kupanga. Nikamsomea mbili. Mzee akaweka kidole gumba, kisha akanitemea mate kiganjani, baraka ambayo wazee wa Kimaasai hawampi kila mtu. Nilipofika nyumbani nilinawa kwa sabuni.

Ua wa mnunuzi ulipofika mlangoni kwa mzee, alihamia kwa ndugu yake huko Kimana. Mimi nikajenga.

Mwaka wa 2006 nilikuwa nikifundisha watu wazima jioni, na mmoja wao alikuwa Naeku, bintiye Lesiamon, fundi wa kushona kiwandani. Siku moja niliandika ubaoni maneno ya mitaani ya Waingereza kuhusu kulaghai na kusaliti: rip off, sell out, do out of. Nikatoa mifano yangu ya kipuzi ya muuza sukari, darasa likacheka. Naeku akainua mkono.

"They did my father out of his land." Yaani, walimlaghai baba yake wakamnyang'anya shamba.

"Sahihi," nikasema, nikageuka kufuta ubao.

Wenzake walipotoka, alitoa karatasi kwenye mkoba. Niliitambua.

"Mwalimu, niko na swali. Sasa naweza kujisomea. Hapa imeandikwa kumi na nane, na baba anaapa ulimsomea mbili. Watu wanasema ni wewe ulimuuza. Yeye anakataa kabisa, anasema karatasi ilibadilishwa. Niambie tu, nitakuamini. Ulimsomea ngapi?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Nikaifikiria nyumba, nikamfikiria Mwongeli, mke wangu, anayeimba kwaya kanisani.

"Nilisoma vile imeandikwa," nikajibu. "Mzee amesahau."

Naeku aliikunja karatasi polepole. "Asante, mwalimu. Wacha nimwambie aache kusumbuka."

Alimwambia. Mwaka uliofuata mzee alifariki, nami nikaenda kutoa pole, mnafiki mkubwa. Naeku alinieleza kwamba kabla ya kukata roho baba yake aliwaita watoto wote, akawaomba msamaha kwa kusahau.