Nyama ya Idd, felt nyeusi, na silingi iliyovimba juu ya mke wangu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayeteremsha mvua kwa kipimo chake na kuizuia kwa kipimo chake, na sisi tulio chini tunajifunza subira.

Wakuu, salaam aleikum. Ndugu zangu Wakristo, habari zenu.

Nimesoma nyuzi za ujenzi humu kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nimeona watu wanabishana kuhusu waterproofing, yaani kuzuia paa lisivuje, sehemu zenye jua kali, nikasema niwaeleze yaliyonipata hapa Isiolo. Sitaongeza chumvi. Mungu anasikia.

Nyumba yangu ina paa la slab, zege bapa. Tuliacha vyuma vya nguzo vimesimama juu, tukitumaini kijana wetu Adan atajenga ghorofa yake siku moja. Wengi mnajua hali hiyo. Ghorofa bado iko kwenye dua.

Slab ya hapa kwetu inateseka. Mchana inaoka, usiku inapoa, inapanuka na kusinyaa hadi inapasuka nyufa. Halafu baada ya miezi ya vumbi, mbingu inafunguka siku moja na kumwaga yote. Kwa hiyo fundi wangu, Mwenda, Mmeru mwenye heshima zake, aliniwekea ile felt, shiti nyeusi ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi. Mvua zikaja, zikaenda, ndani kukavu. Alhamdulillah.

Kisha mke wangu, Mama Adan, akaanguka bafuni, akavunjika mfupa wa paja.

Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma. Daktari alituruhusu turudi nyumbani kwa sharti moja: asiinuliwe ovyo. Kumhamisha kitanda kulihitaji watu wa kutosha, wanyanyue pamoja, mguu usipinde. Chuma kikisogea, alisema, huenda asitembee tena.

Nawaomba mshike jambo hilo. Kila kitu kinachofuata kinatokea juu ya mguu huo.

Idd ikafika. Kwa shukrani ya kuwa mke wangu yu hai, nikachinja ngamia. Dada yangu Kabale akaja kutoka Korbesa kunisaidia, na kama ilivyo desturi yetu Waborana, nyama haitupwi. Inakatwa nyuzi ndefu, inaanikwa, halafu inakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Ndiyo nyirinyiri. Inakaa muda mrefu na mgeni hakosi cha kutafuna.

Uani kulikuwa na paka na mbuzi. Kabale akapanda juu ya slab, akaona vile vyuma vimesimama vizuri, akafunga kamba kutoka chuma hadi chuma. Akaanika nyama, na mafuta ya nundu pembeni yake.

Wageni wa kumwona mgonjwa waliendelea kuja, wengine na nyama yao. Kamba hazikupata kupumzika. Mwewe nao wakaja. Tuliwasikia juu wakikwaruza na kudonoa, Kabale akiwatupia mawe na matusi ya Kiborana ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Hakuna aliyefikiria kuhusu felt. Na nani angefikiria? Nyama na paa wanajuana wapi?

Siku mvua ilipokuja, nilikuwa nimetoka kuswali Alasiri. Adan alikuwa safarini Sericho. Ndani tulikuwa mimi, Kabale na mgonjwa.

Ilinyesha kama mtu anayelipiza kisasi. Mara nikasikia Mama Adan akiita kwa sauti ya chini.

"Baba Adan. Njoo utazame juu."

Silingi yetu, yaani dari, ni ya mbao za gypsum. Ilikuwa na mistari ya unyevu, na katikati, juu kabisa ya kitanda, ubao mmoja ulikuwa umevimba kuelekea chini kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Nikazima main switch kwanza, maana taa iko karibu hapo.

Kabale akashika ncha ya godoro. "Tumvute."

"Usiguse," nikamwambia. "Sisi ni wazee wawili. Tukimwangusha je?"

"Na hiyo ikimwangukia je?"

Nilimpigia Mwenda. Alikuwa njiani, lakini maji yalikuwa yamekata barabara mbele yake. Nikapigia majirani, simu haziingii. Ubao ukatoa mlio mdogo, kama kuni mbichi motoni. Vumbi jeupe likaanguka kwenye shuka, karibu na bandeji.

Wakuu, nimefundisha watoto madrasa maisha yangu yote kwamba Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Dakika ile nilijiuliza kama kusubiri ndiyo ibada au kutenda ndiyo ibada.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri.

"Toboa na bakora yako," alisema. "Maji yakishuka kidogo kidogo, ubao hautaanguka. Mimi nikilowa, Mungu atanikausha."

Tukamfunika na turubai la plastiki kuanzia shingoni. Kabale akapanda kiti akiwa na beseni kichwani, kama anatoka kisimani. Nikasema Bismillah, nikaingiza ncha ya bakora pembeni mwa ule uvimbe, mbali na mguu.

Maji machafu yakashuka. Beseni likajaa, tukaleta sufuria, tukaleta ndoo ya kutawadhia. Chini ya turubai nikasikia mgonjwa akicheka.

"Kabale, umekuja kutoka Korbesa kuteka maji kwangu."

"Nyamaza wewe. Kwetu hatuteki kutoka mbinguni."

Ubao ulishikilia. Mguu haukulowa. Nilisujudu hapo hapo kwenye maji.

Kulipokauka, Mwenda akaja na kusema ni maungio ya felt yameachia. Nilitaka kumwamini, lakini nilikuwa nimeitazama ile silingi muda mrefu, nimekaa kando ya mke wangu na tasbihi mkononi. Maungio ya felt yanakwenda kwa urefu wa nyumba. Mistari ya unyevu ilikwenda kwa upana, imenyooka kama safu za swala.

Tukapanda juu. Ile mistari ilikuwa chini ya kamba za Kabale, mmoja mmoja.

Mwenda akabonyeza felt kwa kidole, kidole kikaingia. Ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa, imetobolewa na midomo ya mwewe. Akanusa.

"Mzee, mlikuwa mnachoma nyama hapa?"

"Hatukuchoma, tulianika," akajibu Kabale. "Kwani wewe miraa yako unaianika wapi?"

"Miraa haianikwi, mama. Ikikauka ni ya mbuzi."

Basi ndivyo tulivyojua. Lami ni mafuta ya aina yake, na mafuta ya mnyama yakidondoka juu yake chini ya jua letu, yanailainisha. Kila duka la hardware tulikokwenda walituuliza kuhusu mvua na jua tu.

Felt nyeusi tukaikataa. Shiti ya mpira tukaambiwa nayo haipendi mafuta. Rangi nyeupe ya kupaka ni nzuri kwa jua, lakini slab yetu ilikuwa na mabonde yanayotuamisha maji. Mwisho tukachagua shiti nyeupe za plastiki ya PVC, zinazounganishwa kwa hewa moto. Zinarudisha jua na zinavumilia mafuta zaidi. Mwenda alibandua lami iliyooza, akasawazisha mteremko hadi kwenye matundu ya kutolea maji, akatandika kitambaa kizito, kwa sababu PVC haitakiwi kugusana na lami. Kila chuma akakivalisha kola yake, maji yasipenye pembeni.

Kisha akasema lazima tuzibe matundu na tujaze maji juu, tuone.

Kabale akamgeukia. Kabale anatoka mahali ambapo mtu hutembea nusu siku kutafuta mtungi mmoja wa maji. "Mnapandisha maji juu ya nyumba," alisema, "ili muone kama yatashuka?"

Nami niliona uzito wa israfu, dhambi ya kufuja. Tukakubaliana maji hayo baadaye yamwagilie miti ya jirani, yasipotee.

Majirani walikuja kumhamisha Mama Adan kabla ya jaribio. Akakataa. "Nilikuwa hapa yaliposhuka," alisema. "Nitakuwa hapa yasiposhuka."

Tulikaa naye siku nzima, macho juu. Bwawa zima juu ya mguu wake. Hata tone moja halikushuka.

Sasa anatembea na fimbo. Bakora yangu ameichukua, anasema ameizoea tangu ile siku. Nyirinyiri tunaanika uani, kwenye fremu ndefu ambayo mbuzi hawaifikii. PVC au si PVC, sijaribu tena.

Nilichojifunza: ukichagua kinga ya paa, usimweleze fundi hali ya hewa peke yake. Mweleze unavyoishi. Unachoanika, unachopika, nani anapanda juu. Kila jamii ina jambo lake ambalo haliandikwi kwenye kopo la dukani.

Wenye uzoefu wa PVC miaka mingi kwenye jua kama letu, andikeni hapa chini, nami nijue.

Aliyesoma hadi hapa, Mungu akupe paa lisilovuja, na chini yake, watu wako wote wazima. Amin.