Mwanangu Ameacha Kunyonya Mbele ya Watu

Jamani, leo Salimu ameacha kunyonya, wala si mimi niliyemwachisha.

Tulikuwa kliniki Msambweni, kina mama tumekaa kwenye benchi tukingoja watoto wapimwe uzito. Salimu ana miaka miwili na nusu. Nikampa titi kama kawaida.

Mama wa pembeni yangu akacheka. "Dada, jibaba zima hilo bado lanyonya? Jipake shubiri kwenye titi, ataacha!"

Wengine wakacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Salimu akaachia titi, akanifunika kifua kwa leso yangu.

"Sitaki, mama. Mimi mkubwa."

Wakampigia makofi.

Tangu turudi nyumbani nimemwita anyonye mara mbili, amegeuza uso. Maziwa yamejaa, kifua chauma, na wala sijalia. Nimekaa tu.

Wenzangu, kwenu iliishaje?