Waya wa Ardhi wa Kapteni Ochan

Anselme alitengeneza redio katika mtaa wa Katwe, ndani ya kibanda kilichobanwa na wafua mabati. Alikimbia vita Bukavu mwaka 1967. Ufundi aliupata misheni huko kwao, alikotunza redio ya mapadri ya kutuma na kupokea kwa miaka minane. Wateja walimsifu kwa mikono isiyotetemeka.

Siku moja ya Septemba 1976 askari alisimama mlangoni.

"Wewe iko fundi ya redio?"

"Ndiyo, afande."

"Chukua vyombo. Twende."

Nyundo za majirani zilinyamaza. Hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi. Siku hizo mtu akiingizwa garini, aliyeuliza alikuwa anajiitia gari la pili.

Gari lilipanda Mengo, likaingia kwenye ua wa Kapteni Ochan, Mwacholi mrefu wa kaskazini mwenye sauti ya chini. Mezani palikuwa na redio kubwa iliyoungua, bado inanuka. Kuongea kwa redio na wageni wa nchi za mbali ulikuwa mchezo aliojifunza kozini Uingereza, na kibali alikuwa nacho. Radi ilishuka na waya wa antena, ikaingia ndani.

"Nimeagiza nyingine," Ochan alisema. "Ikiungua, nitajua ni wewe."

Anselme alifanya kazi siku tatu bila kula vizuri. Alizamisha bomba la shaba, refu kuliko mtu, katika udongo wenye unyevu chini ya dirisha. Kutoka kwenye mlingoti wa antena aliteremsha waya mnene ulionyooka, usio na kona, na waya wa ardhi wa umeme wa nyumba akauunga hapohapo bombani.

"Radi inatafuta njia fupi ya kwenda chini, afande. Nimeipa. Lakini haitoshi. Wingu likija, chomoa waya wa antena na wa umeme, zote mbili."

"Basi utakuja kuchomoa wewe."

Kwa hiyo msimu mzima, kila wingu lilipopanda kutoka ziwani, Anselme alifunga kibanda akakimbilia Mengo. Mchana mmoja alimkuta Ochan akiongea na mtu wa Brazili. Nje kulikuwa kweusi.

"Afande, tuchomoe."

Ochan aliinua kiganja: subiri. Radi ikamulika. Anselme akaanza kuhesabu, na ngurumo ikapiga kabla hajafika tatu; radi ilikuwa karibu mno. Alimwona Akot, mke wa kapteni, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akazivuta nyaya zote mbili, akazitupa mbali sakafuni.

Ochan aliinuka, mkono kwenye bastola.

Hapo radi ikapiga mlingoti. Moto wa buluu ulikimbia juu ya waya wa nje ukapotelea ardhini, na vioo vya dirisha vikaanguka. Mtoto alilia. Redio ilikaa kimya mezani, nzima.

Ochan aliutoa mkono polepole. "Umeona nilichotaka kufanya?"

"Sikuona kitu, afande."

Tangu siku hiyo alipewa chai kila alipokuja. Aliinywa bila kuusikia utamu wake.

Februari, Akot alikuja mwenyewe Katwe, amejifunika kitambaa usoni.

"Fundi, askari wa rais wanakamata watu wetu, Wacholi, kambini. Ochan hajarudi tangu juzi. Wakija nyumbani wakaona ile antena, watasema tulikuwa tunaita adui."

Anselme alitamani kusema hapana. Alikuwa mkimbizi, na kila fundo la waya ule lilifungwa na mikono yake. Lakini kwa sababu hiyohiyo hakuweza kukaa.

Saa kumi jioni alipanda mlingoti, na wingu limekwisha kufunika Mengo. Yeye aliyewakanya wengine wasikaribie antena radi ikija! Kila ilipomulika aliukumbatia mlingoti akafumba macho, kisha akafungua nati nyingine. Geti lilimtisha kuliko wingu. Akot alisimama chini akipokea vipande, midomo ikisali. Redio na vipande vya mlingoti walivitumbukiza katika choo cha shimo. Nyaya alizificha ndani ya gunia la mkaa, akalibeba begani mpaka Katwe, akipishana na askari wawili ambao hawakumtazama.

Askari walikuja kwa Akot asubuhi iliyofuata. Walipasua magodoro, wakaona tundu ukutani, pale waya wa antena ulipopita.

"Hii ya nini?"

"Bomba la maji lilipita hapo."

Walimpiga kofi, wakaondoka. Wiki hiyo alipanda basi la kaskazini na watoto.

Anselme alihamia Kawempe na mkewe, Marie-Louise. Huko alitengeneza pasi na majiko tu. Ukimletea redio alisema hajui. Usiku aliamka kwa mlio wa gari lolote.

Serikali ilipoanguka mwaka 1979, barua ilimfikia kutoka Kitgum, kaskazini, kupitia majirani wa Katwe. Akot aliandika kwamba watoto ni wazima, mdogo ameanza kusoma, na kwamba Ochan hakurudi, na wao bado wanamtafuta.