Mama Mkwe na Riwaya ya Novemba

Mimi vitabu huvisoma kwa midomo ya watu. Nina saluni ndogo hapa Makongeni, Thika, na kutoka asubuhi hadi jioni mikono yangu iko kwa vichwa vya watu, haipati nafasi ya kushika kitabu. Kwa hivyo niliweka sheria: ukija kusukwa rasta, unakaa, unasoma kwa sauti. Vitabu viko kwenye rafu chini ya kioo, vingi havina hata jalada. Asiyetaka kusoma, kuna saluni nyingine hapo mbele, na sina ubaya naye.

Nimesoma hivyo miaka mingi. Kuna mteja wangu wa Kamenu ambaye akifika mahali watu wanapendana huruka kurasa, anadhani sijui. Msichana mmoja wa chuo husoma kila kitu kama matangazo ya mazishi redioni. Mwingine hunyamaza akaendelea peke yake, macho yanakimbia, hadi nimvute nywele kidogo akumbuke tuko wawili.

Kutoka kusikiliza nikaanza kuandika. Sijasomea, naandika tu, alfajiri kabla watoto hawajaamka. Niko kwenye kikundi cha simu cha watu kama mimi, na kila Novemba tunajipa kazi: mwezi mmoja, riwaya moja, mwanzo hadi mwisho. Zawadi hakuna. Na mimi tangu niingie sijawahi kumaliza. Naanza kwa moto, wenzangu wananisifu, halafu nikifika mahali ambapo mtu wa hadithi lazima aumie kabisa, ghafla naona vyombo havijaoshwa. Mwaka huu niliapa. Oktoba yote nilikuwa napanga: sura gani wiki gani, wateja wa Krismasi waanze kuja lini, nani apike jioni. Nilitaka kitu kimoja tu, kufika mwisho.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mama mzee anayeishi peke yake kwenye ploti ya kupanga huko Ruiru. Watoto wote wamehama, na mwishowe anakufa bila mtu kujua. Shida ilikuwa jina. Kwetu Wakikuyu jina la mtoto haliokotwi. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, basi. Kwa hivyo kila jina ninalolijua lina mwenyewe, na mwenyewe ana watu wake. Nilijaribu majina ya kutunga, yule mzee akakataa kuongea. Nilipompa jina la mama mkwe wangu, ambalo pia ndilo la binti yangu mkubwa, siku hiyo hiyo aliamka akaanza kumlalamikia jirani anayeanika nguo kwa kamba yake. Nikasema nitabadilisha baadaye. Nani atajua?

Mama mkwe anaishi Kiuu, Ruiru, na husukwa matuta kwangu. Kwa kuwa binti yangu amebeba jina lake, yeye husema mimi ndiye niliyemzaa, na huniita mama. Kanisani kwao ndiye husoma neno, na hakuna anayenisomea vizuri kumshinda. Katikati ya Novemba alikuja. Nilikuwa nimechapisha sura zangu pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikaziacha juu ya rafu kama mjinga. Nikiwa nimemshika kichwa kwa mikono miwili, akanyoosha mkono akazichukua.

"Hiki ni kipya," akasema.

"Ni changu, mami. Wacha kwanza, hakijaiva."

"Kama ni chako, ndiyo nitasoma vizuri."

Alipokutana na jina lake alicheka, akarudia ile sentensi kwa madaha, akawaambia wanawake wawili waliokuwa wakingoja kwamba huyo ni yeye. Mimi nilisuka mbio mbio, kana kwamba nikimaliza kichwa ataziweka karatasi chini. Wapi. Alifika kwenye taa inayowaka mchana kutwa, jirani anayebisha, mlango unaovunjwa. Karatasi ziliishia hapo, kwa sababu ndani ya hicho chumba sikuwa nimethubutu kuingia. Sauti yake ilishuka, ikashuka, ikaisha.

Nusu ya kichwa ilikuwa na matuta, nusu nyingine nywele zimesimama. Yeye hawezi kwenda popote hivyo, na mimi siwezi kumtoroka. Ngai, Mungu wangu, niliona aibu.

"Nitabadilisha jina," nikasema. "Leo leo."

"Jina si neno. Ulinizaa nyumbani, unaweza kunizaa kitabuni." Akaweka karatasi magotini. "Mimi nauliza juu ya watoto. Mbona hakuna aliyekuja?"

"Ni hadithi tu, mami."

"Na hadithi huwa unazitoa wapi?"

 Kutoka Makongeni hadi Kiuu si safari, na sikukumbuka mara ya mwisho kwenda kwake. Yeye ndiye huja. Nikaendelea kusuka. Baadaye, kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie, akaniambia kwamba siku hizi usiku hafungi komeo. Mlango anaurudisha tu, ili siku hiyo ikifika wasiuvunje. Aliyasema kama mtu anayekueleza anavyoweka viazi visioze. Nililia pale juu ya kichwa chake, naye akaniambia nisimloweshe, mafuta yametosha.

Nilitaka kuitupa ile riwaya. Yeye ndiye aliyekataa. "Ukiacha hapo, nitabaki humo ndani peke yangu," akasema. "Njoo nyumbani umalizie."

Wiki ya mwisho ya Novemba nikafunga saluni, wakati ambao hakuna msusi mwenye akili zake anayefunga, nikaenda Kiuu na binti yangu. Kwenye kikundi wenzangu walikuwa wakitangaza kurasa walizofikisha, na mimi nilikuwa nikiambua maganda ya minji na mama mkwe. Asubuhi niliandika kwa mkono kwenye meza yake, naye akikaa kando haulizi kitu. Siku ya mwisho ya mwezi niliingia kwenye kile chumba nikaandika nilichokikuta: kitanda kimetandikwa nusu, chai imeganda utando kikombeni, yule mzee ameelekea mlangoni. Nikampa mama mkwe. Alivaa miwani akasoma kwa sauti, yote, kama anavyosoma kanisani, binti yangu akiwa amemwegemea begani. Kisha akavua miwani.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini ongeza mtu mmoja, aje."

"Aje lini, mami? Ameshakufa."

"Najua. Hata akichelewa, mama. Lakini afike."

Nikarudi mezani, nikamwandika binti wa yule mzee akishuka matatu stegini, akiuliza watu njia.