Mechi Iliyoahirishwa kwa Theluji

Volkmar Thiessen hakuacha ukocha kwa sababu ya pombe. Mjane wake, Irmtraud, amelirudia hilo kwenye foleni ya mkate, saluni, hata makaburini, na bado watu wa Hemmerode humtazama kwa huruma, kana kwamba anamfichia marehemu aibu.

Volkmar alicheza beki wa kati miaka kumi na sita, ligi ya tano na ya sita. Mchana alipaka rangi nyumba za watu, jioni mazoezini. Magoti yalipokataa, akawa kocha wa klabu hiyohiyo.

Msimu wa nne timu ilikuwa inachungulia kushuka daraja, na mshambuliaji wake alikuwa amefungiwa mechi mbili. Ya kwanza ilichezwa, ya pili ikaahirishwa kwa theluji. Volkmar akaihesabu. Mechi isiyochezwa haihesabiwi, hata wauza soseji uwanjani wanajua, lakini yeye alipitiwa. Mechi iliyofuata akampanga mshambuliaji huyo, wakashinda. Jumatatu akaligundua kosa, na kabla wapinzani hawajashtuka akakiandikia chama cha mpira mwenyewe. Pointi tatu zikaondolewa, timu ikashuka, naye akajiuzulu.

Sasa klabu inatimiza miaka mia na inatoa kitabu. Mwenyekiti, Detlef Brüggen, alikuja na rasimu, akala vipande viwili vya keki ya Irmtraud, ndipo akamsomea kwamba kocha Thiessen aliondoka kutokana na matatizo binafsi.

Irmtraud akauliza ni matatizo gani hayo, ya mtu aliyekunywa bia moja baada ya mechi na nusu akaibakiza. Detlef akasema wasichokonoe ya zamani, marehemu apumzike.

"Bi Irmtraud, tukiitaja ile barua, wazee watasema yeye ndiye aliyetushusha."

"Ndiye. Andika hivyo."

Detlef akacheka kidogo, akanyoosha mkono kwenye keki.

"Na uandike kwamba katibu wa wakati ule alikuja hapa, akakaa kiti hichohicho, akamsihi anyamaze."

Mkono ukarudi. Katibu wa wakati ule alikuwa Detlef. Akaanza kueleza kwamba enzi zile mambo yalikuwa magumu, kwamba kila mtu aliipenda klabu kwa namna yake.

Irmtraud akaiondoa sahani.

"Andikeni yote, au jina lake mlitoe. Mimi nimemaliza."